Karibu ya Uongo

Simu ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, na bado ikamjibu: "Asante. Nitakuja."

Fundi miwani aliirudisha mfukoni akajiambia ni masikio tu. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, alikuwa amepiga magoti nyuma ya benchi nje ya posta, mchana kweupe, akitafuta kikopo. Ndio mchezo wake na wenzake: mmoja huficha kikopo mahali pa watu, wengine hukisaka kwa ramani ya simu, huandika majina kwenye kikaratasi kilichomo, kisha hukirudisha. Hazina yenyewe ni penseli na kifungo cha shati. Lakini yeye, ramani akiwa ameikariri nyumbani, alikisaka kwa kunyata kama mwizi wa kuku, na kila alipotupiwa jicho alijifanya anaongea na simu. "Eeh, shangazi! Karibu nyumbani, mtoto atafurahi kukuona." Maneno ambayo sote huyasema bila kuyamaanisha.

"Si ungewaambia tu watu unatafuta kikopo?" mkewe alimuuliza aliporudi akijisifu.

"Watu hawatakiwi kujua. Vipofu wale."

Mwenye macho ni yeye, bwana mkubwa!

Asubuhi iliyofuata binti yao wa miaka sita alikutwa amejibana ukingoni mwa kitanda. "Namwachia shangazi nafasi," alisema. Hakuwa na shangazi. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Kufikia siku ya nne mtoto hali wala hacheki, anakaa tu akiukodolea macho ukuta, huku kitu kikimchana nywele taratibu, kwaru, kwaru, bila mkono wala kitana kuonekana, na kila unywele ulioanguka ulikuwa mweupe, na mama aliyempakata alihisi uzito wa pili ukiketi mapajani mwake, wa baridi, ukipumua.

Mganga aliyeitwa, bibi asiye na subira, alinusa mara moja tu.

"Kimealikwa," alinong'ona. "Nani amekialika?"

Fundi akatazama vidole vyake vya miguu, akakiri.

"Rudi pale pale. Simu iache hapa. Sema kwa sauti watu wasikie: nilikuwa naongea peke yangu, sikumwalika mtu. Ikipita adhuhuri, mtoto si wako tena."

"Wataniona mwehu, bibi."

"Wakuone!"

"Mume wangu, nakuomba," mkewe alisema kwa sauti iliyokauka. "Sema tu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alipotoka, simu aliichomeka mfukoni. Nje ya posta muuza magazeti alimtazama, mlinzi akamtazama. Mwanawe anaondoka, naye anamwonea haya muuza magazeti! Akainua simu sikioni.

"Sikukualika," alisema chini chini. "Nilikuwa naongea peke yangu. Ondoka kwangu."

Mlinzi akasogea. Fundi akaogopa kuonekana mtu wa ajabu, akachekacheka, akamalizia kama watu wanavyomaliza simu zao: "Haya basi, wasalimie wote huko. Karibuni sana."

Hakuwa ameishusha ilipoita kweli. Alikuwa mkewe, akinong'ona.

"Umesema nini huko?"

"Nilivyoagizwa."

"Mbona mlangoni wanabisha wengi hivi? Nimeshindwa kumshika mtoto. Anawafungulia."