Kuvuka Njia ya Mashua Kubwa

Asubuhi ile mchi ulikuwa unacheza mikononi mwa Huguette. Alitwanga mihogo, akaimba, akacheka peke yake. Gracien, mumewe, alitoa kichwa mlangoni.

"Mama Rachelle, unacheka na nani?"

"Na mujukulu wangu!"

Habari ilikuwa imefika jana yake. Rachelle, binti yao, alikuwa amejifungua mtoto wa kike kwenye misheni, ng'ambo ya ziwa la Nzilo. Mjukuu wa kwanza! Nani angetwanga kimya?

Lakini mwaka ule ulikuwa mbaya. Mashine za mgodi zilikuwa zimenyamaza. Gracien, aliyekuwa dereva wa lori kubwa la machimbo, sasa alilima kando ya ziwa. Na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wanafukuzwa majumbani mwao. Tshilombo, mume wa Rachelle, alizaliwa hapa hapa Manika, na baba yake pia. Hilo halikumsaidia. Jumamosi lori lingewachukua yeye, mkewe na mtoto mpaka Lubudi, wapande treni ya kwenda Kasai.

Leo ilikuwa Alhamisi. Huguette asipovuka kesho, hatamwona mjukuu wake. Na nani alijua watarudi lini?

Barabara ilizunguka mbali, na magari yote yalijaa mizigo ya wanaoondoka. Hata mashua kubwa za injini zilijaa. Uliobaki ni mtumbwi wao mdogo. Watu wa huko huuita bwato.

Gracien alichora ziwa mchangani kwa kijiti.

"Tutaingia huku, karibu na barrage, ule ukuta wa kuzuia mayi. Kisha tutafuata njia ya mashua, katikati kabisa, mpaka kwa misheni. Pale majani haiko, tutaenda lubilo, mbio mbio!"

Huguette hakusikiliza sana. Alikuwa anafunga mzigo wake. Chini kabisa aliweka kitenge kipya cha njano, ndani ya nailoni kisilowe. Katika ukoo wao, bibi mzaa mama ndiye anayeleta kitenge cha kwanza cha kumbebea mtoto. Alikinunua siku za neema na kukificha miaka yote, hata njaa ilipobisha hodi.

Jirani yao, mama Numbi, alipita na kikapu cha samaki. Yeye huvusha watu kila wiki. Alitazama mchoro, akaweka kikapu chini.

"Tata Gracien, unataka tulie kilio?"

"Juu ya nini, mama?"

"Ile njia mashua inapita mingi siku hizi. Bantu banakimbia na bitu yabo yote. Na weye unataka kutembea katikati?"

"Mwenye kuendesha haiko kipofu. Atatuona, atatukwepa."

"Haiko kipofu, lakini anakaa nyuma, kwa moteur. Mbele yake kuko mifuko ya makala ya kupikia, na bantu juu ya mifuko. Mashua ikikimbia, pua inainuka. Bwato yenu iko chini, iko na rangi ya mayi. Atawaona namna gani?"

Gracien alijipiga paji la uso.

"Mama yangu! Ni sawa camion yangu ya carrière, ile lori ya mgodi! Mi nilikuwa nakaa juu sana. Jeep ikikuja karibu, siioni. Njo maana jeep zote zilikuwa na bendera, juu ya fimbo ndefu."

"Basi leo weye njo jeep," Huguette alisema, na wote watatu wakacheka.

Gracien alifuta mchoro, wakaanza upya. Numbi alionyesha mahali ambapo njia ya mashua ni nyembamba.

"Mutavuka pale. Musifuate njia, muikate moja kwa moja, sawa mutu anavuka barabara. Kwanza musimame kwa matete. Muangalie huku na huku, na musikilize. Mashua haina frein ya kuisimamisha. Musipite mbele yake hata kama iko mbali."

"Na mawimbi yake?" Huguette aliuliza.

"Muyaelekezee pua ya bwato. Yakiwapiga kwa mbavu, mutapinduka. Mutoke asubuhi, mbele ya upepo kuamka. Kila mutu ajifunge bidon tupu, yale madumu ya mayi, zenye kufungwa muzuri, zitawaelesha. Mi nitabakia hapa, nitaangalia bendera yenu, sawa ya jeep, mpaka mufike."

"Bendera ya kitambaa gani?" Gracien aliuliza. Aliangalia shati lake. Lilikuwa limepauka, rangi yake haina jina.

Macho yote yalikwenda kwenye mzigo wa Huguette, ambapo pindo la njano lilichungulia.

"Hapana!" alisema. "Ile ni ya mutoto!"

"Mutoto anataka kitenge," Numbi aliuliza polepole, "ao anataka nkambo wake, mama ya mama yake?"

Huguette alifungua mzigo. Moyo ulimuuma, lakini alikitoa.

Kesho yake, ziwa lilikuwa limetulia. Kitenge cha njano kilisimama juu ya mwanzi mrefu. Walipofika kwenye matete walisimama, na Huguette alisikia moyo unamdunda kwa furaha. Misheni ilikuwa inaonekana! Mashua moja ikapita, ikinguruma.

"Twende!" Gracien alishika kasia.

"Kawia ufike, tata," Huguette alimzuia. "Sikiliza kwanza."

Alisema vizuri. Mashua ya pili ilikuwa inakuja nyuma ya ile ya kwanza, kwa kasi. Wangaliondoka, wangalikuwa mbele yake. Mawimbi yalikuja, wakayaelekezea pua, bwato ikapanda na kushuka. Maji yakatulia. Waliangalia huku na huku, kisha wakapiga makasia kwa nguvu zao zote.

Mashua ya tatu ilitokea mbali. Mtu aliyekaa juu ya mifuko aliinuka, akaonyesha kitu cha njano kwa kidole. Mashua ikapunguza mwendo na kugeuka pembeni. Huguette alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Rachelle alikuwa amesimama ufukweni na mtoto mikononi.

"Mama, nilijua ni weye! Nani mwingine anaweza kufanya kitenge bendera?"

Huguette alicheka na kulia pamoja. Alikata utepe mwembamba kwenye pindo la kitenge. Kwa kilichobaki alimfunga mjukuu wake mgongoni mwa Rachelle.

Jumamosi lori liliondoka. Tshilombo alipunga mkono. Huguette aliiangalia ile rangi ya njano juu ya mizigo mpaka kwenye kona, ikapotea.

Siku hizi kule Nzilo, bwato nyingi zina mwanzi na kitambaa, na watu hukata njia ya mashua pale penye wembamba. Bendera ya Huguette ni ndogo kuliko zote, utepe tu wa njano. Akiulizwa kwa nini haibadilishi, hujibu:

"Ile ingine iko Kasai. Inabeba mujukulu wangu."