Toa Mmoja

Studio nzima ilinukia maharage ya mawese, yale yaliyoungwa kwa kitunguu kingi, na hakuna aliyepika. Labode akainama kutazama chini ya meza, kisha akachungulia dirishani. Saa nane mchana, jua linachoma mabati ya mtaa wetu wa Surulere, jenereta linanguruma.

"Kehinde, umeleta chakula?"

"Nilete saa ngapi? Hata kujikuna sina nafasi," akajibu Kehinde. Alikuwa amelala chali sakafuni, kamera kifuani.

Huu ulikuwa mwaka wao wa tisa pamoja. Kehinde alipiga picha za mitindo, Labode alitengeneza filamu na video za wanamuziki. Mimi niliwashonea nguo, kwa hiyo nilikuwepo, na ninasema nilichokiona. Walichoka wale watu, jamani. Asubuhi ile Kehinde alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kugundua.

Wanamitindo wawili waliokubaliana nao hawakutokea, na mwimbaji aliyewapa kazi alitaka picha ya jalada la albamu kabla ya jioni: mapacha, bega kwa bega. Basi Kehinde akavaa nguo mwenyewe. Akapigwa picha amesimama kushoto, akapigwa tena amesimama kulia, Labode akaziunganisha kwenye kompyuta.

Kwetu Wayoruba jambo hilo si geni. Pacha alipokufa, wapiga picha wa zamani walimpiga picha aliyebaki mara mbili, ili marehemu naye apate mahali. Na Kehinde alikuwa pacha. Pacha wake, Taiwo, alifariki wakiwa na miezi saba, mama yao akamchongea kinyago kidogo cha mti, na Kehinde alipokua ikawa kazi yake kukiwekea maharage kila wiki. Alikuwa ameruka wiki tatu.

Simu ikaita. Mama yake.

"Umemlisha mwenzio?"

"Kesho, Mama. Nimechoka."

"Hata juzi ulisema kesho. Mwanangu, mwenzio anakuona unakula."

Alipokata simu akakuta ujumbe wa mwimbaji: amebadili mawazo, anataka mtu mmoja tu.

"Toa mmoja," Kehinde akasema, akijikokota kwenda kunawa uso.

"Nimtoe yupi?"

"Yeyote, Labode. Wote ni mimi."

Nikaacha cherehani, nikamsogelea. "Labode, picha ya namna hiyo mtu hafutwi hivi hivi. Ngojeni kwanza alishwe."

"Fundi, rudi kwenye cherehani yako."

Nikarudi, Mungu anisamehe. Harufu ya maharage ikazidi mpaka macho yakawasha, na nilipotupa jicho kwenye kompyuta nikaona wale wawili hawafanani tena, kwani wa kushoto alikuwa na macho mekundu na mabega yaliyolegea, na wa kulia alikuwa ametakata uso, anatabasamu, tabasamu ambalo Kehinde hakulitoa siku ile wala mwezi ule, na kule bafuni maji ya bomba yalikuwa yanamwagika, yanamwagika, huku Labode akipikicha macho na kunong'ona, "Huyu amechoka mno, hafai jalada," na kabla sijafumbua mdomo akamfuta wa kushoto.

Maji bafuni yakakatika.

Akatoka taratibu, uso mkavu, anatabasamu. Akaitazama kamera pale sakafuni kama mtu asiyejua ni ya kazi gani, akairuka.

"Nimemaliza," Labode akamwambia. "Nenda nyumbani kapumzike."

"Nipumzike tena? Nimepumzika miaka thelathini na moja."

Labode akacheka kidogo, akadhani ni utani. Mimi sindano ilinichoma kidole na sikusikia maumivu. Simu ikaita tena juu ya meza, akaipokea, na sauti ya mama yake tukaisikia sote.

"Kehinde, nimekosa raha. Mlishe leo hii, tafadhali."

"Sawa, Mama," akasema kwa upole. "Ila usikosee jina ukimwombea. Kuanzia leo anayelishwa ni Kehinde."