Kifuko Kizito Kiache Mtini

Chapati za mahindi ziliungua na Librada hakujali. Mwanawe Fidencio alikuwa amechaguliwa kucheza ngoma ya sikukuu ya Mtakatifu Fransisko kijijini kwao, kwa Wayoreme wa Meksiko. Lakini mchezaji wa Kiyoreme bila njuga miguuni ni mchezaji gani?

Njuga hizo hushonwa kwa vifuko anavyojifumia kiwavi ili ageuke nondo, na ndani hutiwa vijiwe vya kichuguu. Zinahitajika vifuko mia mbili. Siku tatu mama na mwana walizunguka porini, wakapata arobaini tu.

Librada akashika kisu apasue cha kwanza.

"Ngoja, shoga," alisema jirani yake Eduwiges, mshonaji njuga wa siku nyingi, akiingia uani bila hodi kama kawaida yake. "Kitikise kwanza."

Akakitikisa. Kitu kizito kikagonga ndani.

"Huyo yu hai. Amelala, anangoja mvua za Julai. Ukimuua leo, mwakani utashona nini?"

"Mbona bibi zetu walivipasua?"

"Bibi zetu walikuwa na vichaka. Sisi vyetu tumewaachia mbuzi wavile. Kiwavi wake hula majani ya vichaka hivyo vya sangrengado. Akiwa nondo hali kitu. Huishi siku chache, hutaga mayai, basi."

"Siku zote hizo bila kula?" Fidencio alicheka. "Mama angekufa kabla ya saa nne."

"Koma wewe," Librada alisema, naye akicheka. "Sasa njuga tutapata wapi?"

"Vyenye tundu mliviweka wapi?"

"Tuliviacha. Si vimeoza?"

"Vimeoza wapi! Mwenyewe ametoka. Hata tundu la kutilia vijiwe amekutobolea."

Librada alijipiga paji la uso. Vyenye tundu walivipita kwa mamia.

Siku hiyohiyo walirudi porini na gunia, wakalijaza vyenye tundu. Vifuko vizito wakavifunga tena kwenye matawi, kisha wakazungushia vichaka ua wa miiba.

Julai mvua ilinyesha. Asubuhi moja Librada akamwona nondo wa rangi ya udongo, mpana kama kiganja, akikausha mabawa yenye madoa manne yanayopitisha mwanga kama vidirisha. Furaha ilimjaa.

Siku ya sikukuu, mwezi wa Oktoba, Fidencio alipiga mguu chini, na njuga zikalia uwanja mzima. Librada alishangilia mpaka sauti ikakauka. Alfajiri, kabla ya kwenda uwanjani, alikuwa amepita kwenye sangrengado. Vifuko vipya vilining'inia kila tawi, na alipokitikisa kimoja polepole, kilikuwa kizito. Akakiacha.