Wembe Juu ya Filamu

Jumapili hiyo ilianza vizuri tu. Mama mtu alikuwa anapiga pasi gauni jeupe alilolishona mwenyewe, na dada mtu anatundika shuka jeusi ukutani. Siku za kazi dada alikaa mapokezi ya kliniki ya meno, akiwachekea watu wenye mashavu yaliyovimba. Jumapili zilikuwa zake. Alipiga picha za mavazi kwa filamu, kama za zamani, akazisafisha mwenyewe bafuni, dirisha likiwa limezibwa kwa blanketi. Hakuna aliyemtuma. Alitaka tu, walau mara moja maishani, kutoa picha ambayo mtu akiiona atanyamaza.

Kamera aliinunua kwa mjane wa mpiga picha mmoja. Mjane akamwongezea wembe wenye mpini wa mti. "Chukua na huu," alisema. "Mimi siutaki humu ndani."

Wa kupigwa picha alikuwa mdogo wake, msichana mnene mwenye kicheko cha kuamsha nyumba nzima. Mama ndiye aliyeanza kumwita Bonge, wote wakafuata, naye hakununa.

"Dada, nivute tumbo?"

"Vuta."

"Nimevuta tangu asubuhi jamani!"

Mama mtu akacheka hadi akaiweka pasi chini.

Filamu ilipokauka, dada aliona kiuno kimejaa mno. Sasa, kwenye filamu mambo huwa kinyume: gauni jeupe huonekana jeusi. Ukiukwangua ule weusi, kwenye picha panatoka giza, na giza linapotelea kwenye shuka la nyuma. Basi akachukua wembe wa marehemu, akakwangua kiuno huku na huku, taratibu, ulimi nje. Picha ilitoka kama ya jarida.

Kesho yake Bonge aliamka ameshika mbavu. Gauni lilimpwaya. Mama akasema ni homa. Dada alikitazama kile kiuno, akajua ni kilekile alichokichonga yeye. Moyo ulimlipuka. Halafu, na hapa ndipo huruma yangu kwake huniishia, akafurahi.

Jumapili iliyofuata kiwiko ndicho kilichoharibu picha. Aliushika wembe, akauweka chini. Akaushika tena. "Kidogo tu," alijiambia.

Bonge alikuwa mezani anakunywa chai. Kikombe kilimponyoka kikavunjika, na mkono wa kulia ukaning'inia. Haukuinuka tena. Daktari aliupapasa, akaupapasa tena. Kwenye kiwiko hakukuwa na mfupa.

"Dada," Bonge alinong'ona akiwa kitandani. "Kule bafuni unanifanya nini?"

"Sikufanyi kitu."

"Ukikwaruza, nasikia kwenye mfupa. Nitamwambia mama."

Dada alimfunika vizuri, akambusu kwenye paji la uso. Akaenda bafuni. Akawasha taa. Akaitafuta kwenye filamu picha ambayo Bonge anacheka. Akaukwangua mdomo.

Asubuhi mdomo wa Bonge ulifunguka, ukajifunga. Sauti haikutoka. Mama alimlisha uji kwa kijiko huku analia. "Bonge wangu, sema na mimi."

Dada akasubiri Jumapili. Alimvika mdogo wake gauni, akamkalisha kwenye kiti, akamwambia, "Sasa umetulia vizuri." Akamwekea kamera mapajani ili yeye akanyooshe shuka ukutani.

Nyuma yake kamera ikalia. Kacha.

Aligeuka. Mkono wa kushoto wa Bonge ulikuwa juu ya kamera, na macho yake hayapepesi.

"Usinichezee filamu," dada alisema.

Aliisafisha. Katikati ya picha nzuri kulikuwa na moja ya kombo: yeye mwenyewe kwa nyuma, mikono juu. Akacheka, akaiacha filamu ikauke, na kesho yake akaenda kazini.

Aliporudi, filamu ilikuwa imekatwa. Picha yake haipo. Wembe haupo. Mlango wa Bonge umefungwa kwa ndani.

Kwaru.

Kisigino chake kikapata baridi.

"Mdogo wangu, fungua."

Kwaru.

"Nilikuwa nataka picha nzuri tu. Nisamehe."

Kwaru. Kwaru.

Mama mtu, akiwa jikoni, alisikia anaitwa. Aliitwa nusu. Alipofika alikuta viatu vya kazini vimesimama mbele ya mlango, bado vina joto. Mlango ukafunguka. Bonge alisimama pale, mkono wa kushoto mtupu. Wembe haujaonekana hadi leo.

Siku hizi mama hupitisha kidole juu ya picha ya familia iliyoko sebuleni. Mahali alipokuwa amesimama binti yake mkubwa pamekuwa giza lenye mikwaruzo. Kioo ni kizima. Mikwaruzo iko chini yake.

Naye Bonge hukaa kwenye kiti chake, anamtazama mama aliyempa jina lile na kulichekea.

Jumapili iliyopita mkwaruzo mmoja, mpya, ulikuwa umefika kwenye bega la mama. Tangu asubuhi hiyo bega linamuuma.