Pingamizi la Siku Moja

Kwa jina la Mola, ambaye mlangoni pake hapana mja anayeambiwa kachelewa, naanza.

Walikuwa wawili: mshonaji wa sare za shule, binti wa mzee mgane, na wakili kijana mwenye suti ya kijivu na ulimi wa asali. Walikutana kwenye foleni ya masjala ya mahakama, watu wamesongamana hadi mlangoni. Binti alivaa gauni la samawati alilolishona mwenyewe, bahasha kaikumbatia kifuani.

"Dada, foleni hii utazeekea humu. Twende tukanywe chai, urudi kesho."

"Nimeambiwa niwasilishe leo, kaka."

"Leo, kesho, mahakama haina miguu. Mimi ni wakili, niamini."

"Tangu lini mawakili wakaaminiwa?" Akacheka, akamfuata.

Kesho yake akawasilisha. Mapenzi yakachipua. Kijana alimwita Sindano, na jina lake la kwenye vyeti hakuliuliza. Binti naye hakumweleza yaliyokuwamo bahashani: madai dhidi ya kiwanda ambacho ngazi yake mbovu ilimuua mamaye. Msiba ule aliuona mzito kwa meza ya wapendanao.

Mwezi wa pili, kijana akapiga simu, furaha imemjaa.

"Sindano wangu! Nimepata kesi nitakayoishinda kabla ya kuijibu."

"Utaishindaje, mchawi wewe?"

"Pingamizi la awali. Mteja wetu hajibu neno. Tunaomba madai yatupwe. Sheria inatoa miaka mitatu, mdai kapitisha siku moja!"

"Kwani anasema uongo?"

"Hata yakiwa kweli tupu, laazizi. Hatubishani na ukweli. Tunasema mlango umefungwa."

"Maskini wee! Haya, hongera, bwana harusi."

Siku ya kusikilizwa, karani akaita jina la mdai, na gauni la samawati likasimama. Kijana akashika ukingo wa meza. Mwajiri wake akamvuta koti, asimsikilize. Akamwambia hakimu wazi kwamba yeye ndiye aliyemrudisha binti yule siku ya mwisho.

Hakimu akavua miwani. "Nimekusikia, wakili. Lakini muda uliowekwa na sheria, huruma yangu haiwezi kuurefusha. Madai yametupwa."

Varandani kijana akamkimbilia binti.

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana sina hata wa kumchukia."

"Nikubalie basi, niwatunze wewe na baba."

"Baba yuko nyumbani ananingoja. Ataniuliza kiwanda kimejibu nini juu ya mama. Nitamwambia hakikuulizwa hata neno. Kisha nikulete wewe mbele yake, nimwambie huyu ni nani?"

Binti akateremka barabarani, umati ukammeza.

Ewe Mwingi wa rehema, mlaze pema mama yule. Mpe mzee mgane usingizi. Na wawili hawa, waliobaki kila mmoja upande wake wa mji, wateremshie subira. Amin.