Kifurushi cha Ambakisye

Pafu la ukutani lilishusha pumzi, likangoja, likavuta tena. Lilikuwa sanduku jeupe lenye ukubwa wa redio, na bomba lake laini lilipita chini ya shuka hadi kifuani kwa mama yake Atupele. Mbeya nzima ilikuwa na mashine hizo. Zilisikiliza kifua cha mgonjwa na kupumua pamoja naye. Lakini tangu baridi ianze, hili lilikuwa linachelewa. Mama alifika mwisho wa pumzi yake, akakodolea dari macho, akaingoja mashine.

"Limekuwa kama fundi cherehani," alisema akihema. "Kila siku njoo kesho."

Atupele, aliyekuwa mhandisi wa programu, alishaliona kosa. Kifurushi cha programu kilichopanga mwendo wa pumzi kilichukua ubaridi wa chumba kuwa ubaridi wa mwili, kikadhani mgonjwa yumo katika usingizi mzito. Kurekebisha mstari mmoja kungetosha.

Ila kifurushi hakikuwa chake. Programu za mapafu ziliandikwa na watu wa kujitolea, zikaachwa wazi kila mtu azisome, na kila kifurushi kilikuwa na mlezi wake. Mlezi wa hiki aliitwa Ambakisye. Walezi walikuwa na adabu yao: huigusi kazi ya mwenzako kabla ya kumpelekea kiraka, yaani rekebisho dogo la programu, akione. Akinyamaza, na jambo ni la haraka, unakiweka kiraka kwenye foleni ya kungojea, ambako mwenyewe anaweza kukiondoa kabla hakijaingia katika mashine. Unatengeneza kilichoharibika tu. Hupangi upya, hata kama uandishi wake unakukera.

Atupele alimpelekea kiraka. Kimya. Akakiweka kwenye foleni.

"Naweza kuandika upya kifurushi chote sasa hivi," ilisema Mratibu, akili bandia iliyomsaidia kazini. "Mlezi huyu hajamjibu mtu tangu mwaka jana. Kanuni inakuruhusu kuomba kukirithi."

"Sikuomba urithi. Nimeomba ruhusa."

"Unapongoja ruhusa, mama yako anapumua kwa shida."

Atupele alikaa kitandani akamshika mama yake mkono. "Vuta, Mama. Haya, shusha." Mama alipopata lepe la usingizi, Atupele alisoma jumbe za watu waliomwandikia Ambakisye kabla yake. Samahani kwa usumbufu. Tunaomba uangalie hili ukipata nafasi. Zote zilikuwa za heshima, na zote zilikuwa na ombi.

Muda wa kungoja ulipokwisha, kiraka kikaingia. Pafu likaanza kwenda sawa na kifua. Mama alilala fofofo, akaamka akidai uji.

"Huyo mwenye kazi umemshukuru?"

"Nimemwandikia, Mama."

"Kumwandikia! Umeingia jikoni kwa mtu, umekoroga chungu chake, halafu unamwandikia? Hana kwao?"

Alikuwa na kwao. Alikuwa ameandika mwenyewe juu kabisa ya kifurushi: Uyole, nyuma ya ghala la viazi.

Atupele alipokwenda huko, aliyefungua mlango ni mwanamke aliyejifunga khanga kiunoni. Alijitambulisha kuwa ni Tusajigwe, dada yake Ambakisye. Atupele alitaja kifurushi.

"Ninyi ndio wale wa mashine?"

"Ndiyo, dada."

"Kaka tulimzika mwaka jana, tukiwa kwenye mavuno ya viazi." Hakusema kwa hasira. "Simu yake ililia msiba mzima. Tukasema hao ni wenzake, watakuja. Tukawaachia nafasi kwenye mkeka."

"Hatukujua," alisema Atupele. "Mtu akinyamaza, sisi huwa tunangoja."

"Mkingoja nini?"

Tusajigwe alisogea kumpisha. "Alikuwa mcheshi, kaka yangu. Hata wodini aliwachekesha wauguzi mpaka wakashika mbavu. Huko kwenu mlimjua hivyo?"

"Hapana." Alijua ni wapi Ambakisye alipenda kuacha nafasi kati ya mistari, na ni neno gani alilikosea kila mara. Sauti yake hakuwahi kuisikia.

"Basi kaa nikuambie."

Atupele akavua viatu, akakaa. Matanga yalikuwa yameanuliwa zamani, na katika wenzake wote, yeye ndiye aliyefika wa kwanza.