Matofali ya Zahanati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Martina alifagia uwanja na kuwakaribisha wageni wa babu yake. Walifika jua likiwa bado halijapanda: huyu analalamika kuwa ng'ombe wa jirani wamemlia pamba yake, yule amegombana na ndugu zake juu ya mpaka wa shamba. Mzee Maduhu alikuwa diwani wa kata yao, wilayani Kishapu, kwa miaka ishirini na mitano. Siku hizi aliwasikiliza huku macho yake yakitaka kujifumba, akisugua goti lililovimba.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Haya, sema," alijibu kwa uchovu.

Wiki ile zahanati ya kijiji ilikuwa ifunguliwe. Mwalimu Donatus alimchagua Martina, aliyekuwa darasa la sita, asome historia ya diwani mbele ya wananchi. Martina aliandika kurasa mbili. Alieleza jinsi babu yake alivyoshinda uchaguzi mara tano, na jinsi alivyopigania zahanati bila kukata tamaa.

Alasiri, wakiwa kwenye foleni ya maji, alimsomea jirani yao, Mama Januari. Mama huyo alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Ila matofali hujayataja."

"Matofali gani, mama?"

"Tulifyatua matofali ya zahanati, sisi wanawake wa hapa. Ulipokaribia uchaguzi, babu yako akayahamishia kijiji cha pili, maana huko kura zake zilikuwa chache. Wenzetu wakajenga ofisi, sisi tukasubiri miaka kumi na mmoja. Mwaka uliofuata uchaguzi ule, Januari wangu akashikwa na malaria. Alikata roho kwenye mkokoteni, hata hospitali ya Kolandoto hatujafika."

Martina alikuwa amemwita Mama Januari tangu alipojua kusema. Hakuwahi kuuliza Januari ni nani.

Alipofika nyumbani alimkuta babu yake ndiyo kwanza ametoka kikaoni. Alimvua viatu, kisha akamuuliza juu ya matofali. Mzee alijisugua goti.

"Ni kweli," alisema.

"Sasa niandike nini, babu? Watu watakucheka."

"Andika ilivyokuwa. Mimi nimeshindwa kuisema miaka yote hii."

Siku ya sherehe, Martina alisimama mbele ya watu na karatasi yake. Alisoma habari za ushindi, watu wakapiga makofi. Alipofika kwenye matofali na mtoto Januari, makofi yakakoma. Mwalimu Donatus alimtazama kwa mshangao, lakini Martina aliendelea mpaka mwisho.

Mzee Maduhu alisimama kwa shida.

"Aliyoyasoma mtoto huyu ni kweli tupu. Mama Januari, nilitaka kura, nikasahau watoto. Nisamehe. Na uchaguzi ujao sitagombea tena."

Watu wote walimgeukia Mama Januari. Alijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu hatarudi, mzee," alisema. "Lakini leo ametajwa mbele za watu. Nilikuwa naisubiri siku hii. Kaa sasa, umechoka."

Kisha akatangulia kuingia zahanati, na wanawake wenzake wakamfuata.

Jioni babu na mjukuu walirudi nyumbani polepole, Mzee Maduhu akiegemea bega la Martina.

"Umenikasirikia, babu?"

"Hapana, mjukuu wangu. Nilidhani nikikaa kimya watu watasahau. Hawakusahau. Mimi ndiye niliyechoka kwa kuficha. Wewe ukikosea, kesho yake nenda ukaseme, kosa likiwa bado dogo. Usingoje uzeeke kama mimi."

"Nimesikia, babu."

Usiku ule Mzee Maduhu alilala mapema, na kulipokucha wageni wake walimkuta bado anakoroma, hakuna aliyethubutu kumwamsha.